Hesabu ya Kukagua Simu Kabla ya Kutoa Pesa

Ukienda kununua simu iliyotumika Mutindwa, Kayole au Umoja jijini Nairobi, muuzaji atakusifia kamera na betri. Mwambie kwanza akupe ubonyeze *#06#. Patatokea nambari ya tarakimu 15, iitwayo IMEI. Ilinganishe na iliyo kwenye boksi na, kwa simu ya kufunguka, iliyobandikwa chini ya betri. Zikitofautiana, mrudishie simu yake hata bei iwe tamu vipi.

Zikifanana, bado kuna hesabu. Tarakimu 8 za mwanzo hutaja aina ya simu na 6 zinazofuata ni za simu yenyewe. Ya 15 haichaguliwi na mtu, huzaliwa na zile 14. Kanuni yake ni ya Hans Peter Luhn wa IBM, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1960.

Tuseme nambari ni 123456789012347. Kuanzia kushoto, zidisha kwa mbili tarakimu ya pili, ya nne, ya sita, hivyo hivyo hadi ya 14. Jibu likizidi 9, jumlisha tarakimu zake: 6 mara mbili ni 12, na 1 na 2 ni 3. Utapata 4, 8, 3, 7, 0, 4 na 8, jumla 34. Zilizorukwa, ukiiacha ya mwisho, ni 1, 3, 5, 7, 9, 1 na 3, jumla 29. Zote pamoja ni 63. Ili ifike 70, inayogawanyika kwa 10, inahitaji 7, na 7 ndiyo iliyo mwishoni. Kungekuwa na tarakimu nyingine yoyote pale, hiyo isingekuwa IMEI halali.

Uzuri wa kanuni hii ni kwamba ukikosea tarakimu moja tu, yoyote ile, jumla haigawanyiki tena kwa 10. Ukibadilisha nafasi za mbili zilizo jirani, utanaswa pia, isipokuwa 0 na 9: 09 na 90 hutoa jumla ileile.

Lakini Luhn alikuwa akinasa makosa ya kunakili, si wezi. Katika kila nambari kumi za kubahatisha, moja hupita. Hata sifuri 15 mfululizo hupita, kwa kuwa jumla yake ni 0! Ndiyo maana mwisho wa Septemba 2012, simu bandia zilipozimwa Kenya, kilichohitajika ni orodha ya IMEI zilizotolewa kihalali; wananchi walituma nambari zao kwa 1555 kuzihakiki.

Simu ya wizi nayo huweza kuwa na IMEI safi kabisa, kwa hiyo dai risiti yenye nambari hiyohiyo. Simu ya laini mbili huwa na IMEI mbili: zikague zote, kisha uziandike kwenye daftari la nyumbani. Siku simu ikipotea, utaulizwa nambari hizo kituo cha polisi, na simu ya kubonyeza *#06# hutakuwa nayo.