Amana ya kasuku: Tumfuge vipi, tumfundishe nini?

Ndugu msomaji, wanafunzi wangu wa somo la Maarifa ya Uislamu wameniuliza zaidi ya mara moja: Je, Muislamu anaruhusiwa kufuga kasuku? Hapa Tanga swali hili si la vitabuni tu. Zipo nyumba Ngamiani, Chumbageni na hata Pangani ambamo tundu la ndege linaning'inia barazani, na watoto wakitoka madrasa hukimbilia hapo kumsemesha kasuku kabla hata hawajabadilisha kanzu. Basi leo tulitazame jambo hili kwa utulivu: dini inasemaje, sheria ya nchi inasemaje, na malezi yenyewe yanakwendaje.

Dini inasemaje?

Asili ya kufuga ndege ni ruhusa. Dalili mashuhuri ni hadithi ya Anas bin Malik (r.a), iliyomo katika Bukhari na Muslim, kuhusu mdogo wake aliyeitwa Abu Umayr. Mtoto huyu alikuwa na ndege mdogo wa kuchezea, na Mtume (s.a.w) alikuwa akimtania kwa kumuuliza habari za ndege wake. Hakumkataza. Mwanachuoni wa Kishafii, Ibn al-Qass, aliandika kitabu kizima kueleza mafunzo 60 yanayopatikana katika hadithi hiyo moja, na Ibn Hajar al-Asqalani naye ameitaja ruhusa ya kumweka ndege tunduni kuwa miongoni mwa mafunzo yake.

Lakini ruhusa hiyo ina sharti. Bukhari na Muslim hao hao wamepokea habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Kosa lake halikuwa kufuga. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutie. Na katika Abu Dawud imo habari ya masahaba waliochukua makinda ya ndege safarini. Mama yao akawa anapapatika juu yao, na Mtume (s.a.w) akaamuru makinda yarudishwe. Ukiziweka hadithi hizi tatu pamoja unapata hukumu kamili: fuga kwa wema, ukifungia basi lisha, na usimnyang'anye mama makinda yake.

Ametoka wapi?

Hapa ndipo wengi tunapopita haraka. Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, huyu hodari wa kusema, si ndege wa pwani yetu. Makazi yake ni misitu ya Afrika Magharibi na Kongo hadi Uganda, na kwa Tanzania hupatikana pembeni kabisa, katika misitu ya Kagera kama Minziro. Akionekana Tanga, ujue ameletwa. Wa kwetu hapa pwani ni yule wa kijani mwenye kichwa cha rangi ya kahawia. Huyo ni mzuri kumtazama, lakini maneno yake ni machache.

Kasuku wa kijivu amevunwa misituni mpaka akakaribia kwisha katika baadhi ya nchi. Ndiyo maana mwaka 2016, katika mkutano wa Johannesburg, nchi wanachama wa mkataba wa CITES ziliamua kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku hao wanaokamatwa porini, na uamuzi ukaanza kutumika Januari 2017. Mwaka huo huo wa 2016 Serikali yetu nayo ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Tusisahau kuwa katika miaka ya 1980 wale kasuku wadogo wa kaskazini mwa Tanzania, wa kijani wenye midomo myekundu, walikuwa miongoni mwa ndege wa porini waliouzwa kwa wingi mno duniani.

Kwa mujibu wa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kumkamata au kummiliki mnyama wa porini bila kibali ni kosa. Hivyo anayekuletea kasuku ndani ya kikapu usiku, bila karatasi, anakuuzia mali yenye shaka. Nasaha yangu ni moja: usinunue. Mnunuzi mmoja akisema hapana, kuna kiota kimoja kinachosalimika. Na aliye na ndege wa siku nyingi nyumbani aende ofisi ya maliasili ya wilaya au TAWA akaulize utaratibu.

Chakula na makazi

Kwa aliyempata kwa njia ya halali, haya ndiyo ya kuzingatia.

Kwanza, chakula. Watu wengi humpa kasuku karanga na alizeti tu, mwaka hadi mwaka. Ndege huyu hunenepa lakini hukosa vitamini A na chokaa ya mifupa. Mpe papai, embe, karoti, boga, mchicha na mahindi mabichi. Mbegu na karanga ziwe kidogo. Pilipili mpe bila wasiwasi, kwani ndege hausikii ukali wake. Lile gamba jeupe la dome tunaloliokota ufukweni ni dawa nzuri ya chokaa: lioshe, likaushe, mtundikie agugune. Karanga zilizoota ukungu zitupe, zina sumukuvu. Parachichi ni sumu kwake, na chokoleti, kahawa na vyakula vya chumvi nyingi pia asipewe.

Pili, hewa. Mapafu ya ndege ni mepesi kudhurika kuliko yetu. Sisi watu wa pwani tunapenda udi na ubani, na siku ya maulidi au harusi nyumba nzima hufuka moshi. Siku hiyo mhamishie tundu lake mbali. Vivyo hivyo moshi wa mkaa, dawa za mbu, na mvuke wa yale makaango yasiyoshika chakula yakiachwa motoni matupu mpaka yakazidi moto. Mvuke huo huweza kumuua ndege kwa muda mfupi.

Tatu, tundu. Liwe na upana wa kumwezesha kukunjua mbawa zote mbili bila kugusa waya. Waya wenye kutu au uliopakwa zinki unamdhuru, maana kasuku hutafuna kila kitu. Mwekee tawi la mpera la kusimamia na kutafuna. Wakati wa kaskazi awe kivulini na maji yabadilishwe kila siku. Wakati wa kusi asipigwe na upepo na mvua. Usiku anahitaji giza na utulivu wa saa 10 hadi 12, basi asiwekwe kando ya televisheni.

Nne, usafi. Katika madhehebu yetu ya Shafii kinyesi cha ndege ni najisi, kwa hiyo tundu lisiwe karibu na mahali pa kuswalia. Kinyesi kikikauka kinaweza kueneza ugonjwa wa homa ya kasuku kwa njia ya vumbi. Kiloweshe kabla ya kukifuta, na unawe mikono. Mtu wa nyumba hiyo akipata homa na kikohozi, amwambie daktari kuwa nyumbani kuna ndege.

Kumfundisha

Kasuku hafundishwi kwa fimbo. Ukimpiga mara moja atakuogopa kwa miezi. Anza kwa kumzoeza mkono: mpe chakula kwa mkono, kisha msogezee mkono karibu na miguu yake ukisema "panda". Akipanda, mpe karanga moja. Dakika tano hadi kumi, mara mbili kwa siku, zinatosha. Akipiga kelele usimfokee, kwani kwake yeye kufokewa ni kujibiwa, na ataendelea. Ngoja anyamaze, ndipo umwendee.

Kuhusu maneno, kuna jambo la kujifunza kwa mtafiti wa Kimarekani, Irene Pepperberg. Mwaka 1977 alinunua kasuku wa kijivu, akamwita Alex, akamfundisha kwa miaka 30 hadi ndege huyo alipokufa mwaka 2007. Alex alijua majina ya vitu vingi, rangi na maumbo, na aliweza kuhesabu vitu hadi sita. Njia yake ilikuwa hivi: watu wawili wanaulizana mbele ya ndege. Mmoja anashika kitu na kuuliza ni nini, mwenzake anajibu na kukabidhiwa kitu hicho. Ndege anatazama, naye anataka. Akitaja jina sawasawa anapewa kitu kile kile alichokitaja. Nyumbani mama na mtoto wanaweza kufanya hivyo kwa ndizi. Sisi walimu tunamwambia mwanafunzi anayekariri bila kuelewa kuwa ni kasuku. Kumbe hata kasuku huelewa, akifundishwa neno pamoja na maana yake.

Je, tumfundishe Qur-an? Wanazuoni wa Kishafii wameeleza kuwa anayesikia aya ya sijda kutoka kwa ndege aliyefundishwa hasujudu, kwa kuwa ndege hana nia ya kusoma. Rai yangu ni kwamba salamu na jina la mtoto vinamtosha. Aya ataichanganya na mluzi na tangazo la redio, na hiyo si adabu. Nguvu hiyo tuielekeze kwa watoto wetu, ambao wana nia na wana malipo. Na tukumbuke kuwa kasuku hachagui somo: matusi yanayosemwa kwa hasira huyashika upesi kuliko neno analofundishwa kwa upole.

Atabaki na nani?

Kasuku wa kijivu akitunzwa vyema huishi miaka 40 hata 60. Mtu wa makamo anayemnunua leo huenda akatangulia yeye. Marehemu mjomba wangu alikuwa na kasuku aliyeletwa nyumbani kabla sijazaliwa. Alfajiri alikuwa akiita kwa sauti ya mjomba mwenyewe, akiamsha watu kuswali. Mjomba alipofariki, mirathi ilijadiliwa mpaka viti na saa ya ukutani, lakini kasuku hakutajwa. Alizungushwa nyumba tatu kwa mwaka mmoja. Akanyamaza, akaanza kujinyofoa manyoya ya kifuani mpaka ngozi ikaonekana. Alipona pale shangazi alipomchukua, akawa anakaa naye jikoni na kuzungumza naye mchana kutwa. Hakuwa na maradhi mengine ila upweke.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujaleta kasuku nyumbani jiulize maswali matatu. Ametoka mahali pa halali? Nani atakuwa naye kila siku? Na nikiondoka mimi, nimemwachia nani? Jibu la swali la tatu liandike katika wasia wako, umtaje mtu aliyekubali. Ukikosa jibu la moja kati ya hayo, mwache ndege wa watu mwituni, umsikilize mnazini bure.

Qur-an inatueleza katika Sura ya 6 aya ya 38 kuwa wanyama na ndege ni umma mfano wetu. Allah (s.w) atujaalie tuwe wenye kutunza amana, kubwa na ndogo. Amin.