Injini ya Guta Ndani ya Boxer

Gereji ya mzee huyu iko Kibiti, kando ya barabara ya Lindi, chini ya mkorosho. Kabla ya pikipiki alikuwa fundi wa mashine za boti huko delta. Kijana aliyemjia ni bodaboda. Amekuja na Boxer yake ya 150, na nyuma ya kiti amefunga gunia linalovuja oili.

KIJANA: Shikamoo, babu.

MZEE: Marahaba, mjukuu wangu. Umebeba nini humo?

KIJANA: Injini ya guta, babu. Ni 250, ya kupoozwa kwa maji. Guta lenyewe lilikatika difu, mwenyewe akaniuzia injini. Nataka unipachikie kwenye Boxer. Nimeona kwenye simu, Marekani kuna pikipiki zina injini ya gari, na zinakimbia vizuri tu.

MZEE: Zipo, wala hukudanganywa. Kule Tennessee, Boss Hoss wanaziunda tangu 1990, wanatumia injini ya Chevrolet ya silinda 8. Za mwanzo zilikuwa na ujazo wa kama cc 5,700. Yako, ingawa inaitwa 150, kwa kipimo ni 144.8. Piga hesabu, ni kama mara 39. Lakini ulipoiona kwenye simu, uliuliza uzito wake?

KIJANA: Hapana.

MZEE: Inakaribia nusu tani. Ina gia ya kurudi nyuma, maana kuisukuma kwa miguu huwezi. Wenzetu wale walianza na injini, kisha wakaizungushia pikipiki: fremu, ekseli, breki, tairi, vyote kwa kipimo cha injini ile. Wewe unaanza na pikipiki.

KIJANA: Fremu ni chuma, babu. Tunakata hapa, tunachomelea hapa, inakaa.

MZEE: Inama. Nipe kidole chako. Pitisha hapa, chini ya tangi, pale bomba linapoungana na shingo. Polepole. Unasikia nini?

KIJANA: Kama unywele.

MZEE: Huo ni ufa. Angalia na hii alama nyekundu kwenye rangi. Ni kutu inayotoka ndani, kila unapopita shimo chuma kinafumbua na kufumba. Na hiyo ni injini ya kiwandani, haijaongezwa kitu. Umebeba mshikaki wa abiria wangapi?

KIJANA: Wawili. Siku nyingine na gunia la korosho.

MZEE: Basi nisikilize. Injini inavuta cheni, cheni inavuta gurudumu la nyuma. Lakini kila inachokivuta, nacho kinaivuta. Injini yenyewe inataka kung'oka kwenye bolti zake iende nyuma. Anayeizuia ni fremu. Ukiongeza nguvu, umeongeza mvutano kwenye bolti, kwenye mabomba, kwenye cheni, kwenye spoku. Na ukichomelea karibu na shingo, ulipochomelea patakuwa pagumu, lakini pembeni yake moto unakidhoofisha chuma, na ufa unaanzia hapo hapo. Nimeshaona usukani umebaki mkononi mwa mtu na pikipiki iko kwenye korongo.

KIJANA: Kwa hiyo hakuna aliyewahi kuweza?

MZEE: Wapo. Mmarekani mmoja, Glenn Curtiss, aliunda injini ya silinda 8 kwa ajili ya vyombo vya angani. Akaipachika kwenye pikipiki. Januari 1907, ufukweni Florida, alikimbia kama kilomita 219 kwa saa. Hakutumia cheni wala mkanda, alijua havingehimili, akaweka shafti. Na shafti yenyewe ilikatika kiungo alipokuwa anarudi. Alipona, lakini hakuirudia. Pikipiki ile iko makumbusho.

KIJANA: Shafti ya chuma ikakatika!

MZEE: Mwingine ni Mjerumani, Friedel Münch. Mwaka 1966 alichukua injini ya gari la NSU akaunda pikipiki aliyoiita Mammut. Spoku za gurudumu la nyuma hazikustahimili. Hakuzibadili kwa spoku nene zaidi, alilisubu gurudumu zima upya kwa metali nyepesi. Huyo namheshimu sana. Aliifuata nguvu mpaka inapoishia, na kila ilipopita alitengeneza.

KIJANA: Hao wana viwanda, babu. Sisi tuna mashine ya kuchomelea na akili.

MZEE: Akili ipo, na hapa kwetu imewahi kufanya kazi kubwa zaidi. Hujasikia habari ya Königsberg?

KIJANA: Meli ya Wajerumani, nimeisikia kwa babu mzaa mama. Ilizama kwenye mikoko.

MZEE: Iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Unguja, Septemba 1914, kisha ikajificha humu deltani. Injini yake ilikuwa mbovu. Vipuri vikavutwa nchi kavu mpaka Dar es Salaam kutengenezwa, na vikarudishwa kwa kuvutwa vilevile, kwa mikono ya watu. Julai 1915 Waingereza wakaimaliza, lakini Wajerumani wakaiopoa mizinga yake 10. Sasa, mzinga wa meli hauna magurudumu, kazi yake ni kukaa juu ya sitaha. Unadhani waliufunga kwenye mkokoteni wa ng'ombe?

KIJANA: Mkokoteni ungevunjika.

MZEE: Ungevunjika risasi ya kwanza. Waliipeleka Dar es Salaam, ikaundiwa magari yake ya kubebea, yenye magurudumu ya kuhimili uzito ule na kishindo kile. Mmoja uko Mombasa mpaka leo, Fort Jesus, nenda ukautazame. Usiangalie mtutu, angalia chini yake. Mimi mwenyewe nilijifunza hilo kwa hasara. Nikiwa kijana nilifunga mashine ya 40 kwenye mtumbwi uliozoea ya 8. Tulipoondoka gatini Nyamisati nilivuta moto wote. Tezi ikang'oka na mashine ikaenda nayo majini. Tuliogelea mpaka kwenye mikoko.

KIJANA: Pole, babu.

MZEE: Nimeshapoa. Sasa niambie kweli. Unataka nini hasa, mbio?

KIJANA: Si mbio. Nikiacha lami pale Bungu nikaingia njia za ndani, kwenye mchanga, nikiwa na mzigo inazimika. Nashuka nasukuma. Abiria anashuka anasukuma. Wengine hawalipi.

MZEE: Ungeanza na hilo. Mchanga unataka mzunguko wa taratibu wenye nguvu, na huo unapatikana kwenye sproketi. Hesabu meno.

KIJANA: Mbele 14. Nyuma... 42.

MZEE: Ya mbele inazunguka mara 3, gurudumu mara 1. Tukiweka 45 nyuma, inazunguka mara 3.2. Nguvu kwenye tairi inaongezeka kama asilimia 7, na injini haijaguswa. Cheni itaongezwa pingili. Kwenye lami utapoteza mwendo kidogo, na hilo mimi nalifurahia, kwa sababu breki zako ni za kiwandani. Ukitoka 40 ukafika 80, umbali wa kufunga breki mpaka usimame unakuwa mara 4. Hiyo 250 ingekupa mwendo na isingekupa breki.

KIJANA: Na trafiki?

MZEE: Kadi ina namba ya injini. Ukibadilisha bila kuandikisha, siku ya ajali utajibu nini? Halafu rejeta ya injini hiyo ungeiweka wapi, mapajani?

KIJANA: Injini nimeshailipia, babu. Niifanyeje?

MZEE: Iliumbwa kuvuta mzigo polepole kwa magurudumu matatu, na kazi hiyo inaiweza. Bungu kuna watu wa nazi wanatafuta injini ya guta kila msimu, uza. Pesa hiyo inunue sproketi, cheni mpya na viatu vya breki. Kitakachobaki mpe mkeo. Pikipiki iache hapa leo. Ufa ule nitautoboa tundu dogo kwenye ncha yake usiendelee, kisha nitaweka kiraka cha bati nene kuzunguka shingo. Na kuanzia kesho abiria ni mmoja.

KIJANA: Mmoja tu?

MZEE: Mmoja.