KUSOMA KIINGEREZA SI KUTAMKA TU

Mpenzi msomaji, pengine utashangaa kuona makala kuhusu Kiingereza ndani ya jarida la Chama cha Kiswahili. Usinune. Soma kwanza, kisha unihukumu.

Mwaka jana, nikiwa Kidato cha Pili, nilisifika darasani kwa kusoma kwa sauti. Kifungu cha Kiingereza kikitaka msomaji, wenzangu waliniita "mtangazaji". Nami nikavimba kichwa. Kumbe debe tupu haliachi kuvuma!

Jioni moja mamangu, ambaye huuza mboga sokoni, alirudi na fomu ya mkopo wa mwenzake. Alikuwa ameombwa atie sahihi. "Hebu nisomee, mwanangu," akasema. Niliisoma yote bila kukwama hata mara moja. Nilipomaliza akaniuliza, "Haya, sasa inasema nini?" Jamani, nilikauka! Neno "guarantor" nilikuwa nimelitamka vizuri ajabu, lakini maana yake sikuijua. Nikamwambia ati ni shahidi tu.

Bahati nzuri mama hakutia sahihi usiku ule. Kesho yake jirani yetu, ambaye ni karani, alimweleza kuwa huyo ni mdhamini: mwenye kukopa akishindwa, yeye ndiye atakayedaiwa. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Afadhali ungeniambia hujui." Maneno hayo yaliniuma kuliko kiboko. Tangu siku hiyo nimeshika mambo manne.

Kwanza, jiulize kabla ya kusoma. Mwaka wa 1946 Mmarekani Francis P. Robinson, mtaalamu wa saikolojia, alieleza njia yenye hatua tano: pitia kifungu juu juu, jiulize maswali, soma, jieleze ulichosoma bila kutazama, kisha rudia. Mimi hukigeuza kichwa cha habari kiwe swali, halafu nasoma nikilitafuta jibu. Mtu anayetafuta kitu hasinzii.

Pili, jieleze kwa lugha unayoimudu. Kila nikimaliza aya, nafunika kitabu na kujisimulia kwa Kiswahili. Nikishindwa, basi sijaelewa, hata kama nimetamka kama mzungu. Wapo wanaodhani lugha zetu ni adui wa Kiingereza. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka wa 1986 jinsi wanafunzi wa enzi zake walivyochapwa na kuaibishwa kwa kunena Kikikuyu shuleni. Kwa maoni yangu, aibu humfunza mtu kunyamaza, haimfunzi kuelewa.

Tatu, yachunge maneno madogo. "However" hukuonya kwamba maneno yanageuka. "Unless" ni hatari zaidi. Tazama: "You will not pay unless he fails." Msomaji mwenye haraka huona "hutalipa" akafurahi. Lakini maana yake ni kuwa hutalipa, ila tu yeye akishindwa. Hapo ndipo ng'ombe wa watu huuzwa! Neno gumu nalo usilikimbilie na kamusi papo hapo. Soma sentensi iliyotangulia na inayofuata, kisia maana, kisha kamusi ikusahihishe.

Nne, soma vitabu vyepesi unavyovipenda. Miaka ya mwanzo ya 1980, Warwick Elley na Francis Mangubhai walifanya utafiti katika shule za msingi za vijijini huko Fiji, ambako watoto hujifunza Kiingereza kama lugha ya pili. Madarasa kadhaa ya nne na ya tano yalipewa vitabu 250 vya hadithi kila moja. Watoto hao waliwashinda kwa kusoma na kuelewa wenzao waliofundishwa kwa njia ya kawaida. Hadithi tamu huvuta, na anayevutwa hahitaji kusukumwa. Kwa hivyo ukurasa ukiwa na maneno mengi mageni, usijitese, chukua kitabu chepesi zaidi.

Najua sisi wa shule ya kutwa tuna shida zetu: kuchota maji, kupika, kulea wadogo. Hata hivyo, kurasa tano kabla ya kulala hazimshindi mtu. Sisi wanne darasani hubadilishana vitabu, na kila Ijumaa mmoja wetu husimulia alichosoma. Alama zangu za ufahamu zimepanda kutoka 7 hadi 14 kwa 20. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini alama si kitu kikubwa. Mwezi uliopita mama alileta barua nyingine ya Kiingereza. Nilisoma kimya kimya, polepole. Kisha nikamwambia, "Mama, aya mbili nimezielewa, hizi hapa. Ya tatu sijaielewa. Twende tumuulize karani." Mama akatabasamu, akajifunga leso, tukaenda.

Hapo ndipo natia nanga. Kuuliza si ujinga, ndugu msomaji. Ujinga ni kutamka usichokijua.