Kabla ya Kulipia Safari ya Mafunzo ya Mwanafunzi

Mzazi wa Mtendeni anapoletewa barua inayomtaka achangie safari ya mwanawe kwenda Rwanda kujifunza utalii endelevu, tunamshauri asitoe kianzio kabla ya kupata mkataba wa maandishi. Wapagazi wa Kinyamwezi waliopita Tabora walipatana ujira na posho kabla ya kujitwisha mzigo. Mzazi naye apatane kwanza.

Mkataba utaje usafiri, malazi, chakula, viingilio na bima, kila kimoja na bei yake. Zaidi ya yote, ueleze ni kiasi gani kitarudishwa safari ikivunjika, na ndani ya siku ngapi. Wakala aonyeshe leseni yake chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 na kutoa risiti kwa kila malipo. Ahadi za udanganyifu kwa mlaji zimekatazwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Neno "endelevu" nalo lichunguzwe, maana siku hizi linauza. Ulizeni wenyeji wanafaidika vipi. Rwanda hutenga asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi zake kwa jamii zinazozizunguka. Ziara isiyowafikisha wanafunzi kwa jamii hizo ni matembezi tu. Aidha, asiyetimiza miaka 15 haruhusiwi kuwaendea gorila msituni, hata awe amelipiwa.

Pasipoti iombwe mapema. Mifuko ya plastiki ibaki nyumbani: Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, nasi mwaka 2019.