MAREKEBISHO YALIYOCHELEWA

Mara nyingi vijana hutuuliza: kwa nini Wakristo wana makanisa mbali mbali? Wareno walioanza kuijenga Ngome ya Mombasa mwaka 1593 walikuwa Wakatoliki. Krapf, aliyefika hapa mwaka 1844, alikuwa Mprotestanti. Asili ya mgawanyiko huo ilikuwa Ujerumani, na khabari yake ina mazingatio.

Albrecht, Askofu Mkuu wa Mainz, alikopa fedha nyingi kwa matajiri wa nyumba ya Fugger ili ailipe Roma apate cheo chake. Papa Leo X akaruhusu viuzwe vyeti vya rehema: nusu ya fedha ijenge kanisa la Mtakatifu Petro huko Roma, na nusu ilipe deni hilo. Kwa mafundisho ya kanisa, cheti hakikufuta dhambi yenyewe, bali adhabu iliyobaki, hata kwa maiti walioko toharani. Lakini wauzaji walitia chumvi, na watu wengi wakafahamu kuwa wokovu wanunuliwa sokoni.

Tarehe 31 Oktoba 1517, Martin Luther, mtawa na mwalimu wa chuo cha Wittenberg, alimpelekea Askofu huyo hoja 95. Hakukusudia kulivunja kanisa. Alitaka wanavyuoni wajadiliane. Jawabu aliyoipata ni kutakiwa akanushe maneno yake, na mwaka 1521 akatolewa katika kanisa. Basi ugomvi wa biashara ukawa ugomvi wa misingi: neno la mwisho ni la nani, la Papa au la Kitabu? Luther akalifasiri Agano Jipya kwa Kijerumani, likapigwa chapa mwaka 1522, na kila ajuaye kusoma akaweza kujisomea kwa lugha ya mama yake. Wala waliojitenga hawakubaki kitu kimoja: mwaka 1529 Luther na Zwingli walikutana Marburg, wakashindwa kuafikiana juu ya mkate na divai.

Ama Roma ilishika njia mbili. Ya kwanza ni kuzuia: mwaka 1542 iliweka mahakama ya kuchunguza itikadi, na mwaka 1559 ikatoa orodha ya vitabu vilivyoharimishwa. Ya pili ni kujisahihisha. Mkutano Mkuu wa Trent, uliofanywa kwa vipindi baina ya 1545 na 1563, uliyathibitisha mafundisho ya kanisa, lakini haukuficha maovu. Mwaka 1562 ulifuta kazi ya wauza vyeti. Mwaka 1563 uliamuru maaskofu wakae katika majimbo yao, na vijana wafundishwe vyuoni kabla ya kuwa mapadri, kwani wengi walikuwa hawana ilmu.

Ndugu msomaji, hesabu miaka. Jambo alilolilalamikia Luther mwaka 1517, kanisa lenyewe lilikuja kulikataza baada ya miaka 45. Wakati huo Denmark, Sweden, Uingereza na sehemu kubwa ya Ujerumani zilikuwa zimekwisha kutoka, na damu nyingi zaidi ikaja kumwagika katika vita vya 1618 hadi 1648.

Orodha ile ya vitabu iliondolewa mwaka 1966. Vyuo vya mapadri vipo hata leo. Kilichozuia kimepita, na kilichofundisha kimebaki.

Basi tujiulize darasani: mwenye kutunasihi juu ya kosa moja, twamsikiliza lingali moja, au twangoja mpaka yawe mengi?