Mjue Daktari Wako: Jinsi ya Kuhakiki Leseni na Bima Kabla ya Kutibiwa

Kutoka Garsen hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 100, na hadi Mombasa ni zaidi ya 200. Familia iliyouza mbuzi ili kumpeleka mgonjwa hospitali hupata hasara kubwa ikifika na kuambiwa kwamba daktari bingwa hayupo siku hiyo, au kwamba bima yake haitumiki pale. Hasara iliyo mbaya zaidi ni mgonjwa kuangukia mikononi mwa mtu anayejiita daktari ilhali hana masomo wala leseni. Makosa haya yote yanaweza kuepukwa kwa maswali machache yanayoulizwa kabla ya safari.

1. Kuanzia mahali panapofaa

Vituo vya afya nchini Kenya vimepangwa kwa ngazi. Zahanati ni ngazi ya 2 na kituo cha afya ni ngazi ya 3. Hapo mgonjwa hutibiwa maradhi ya kawaida, watoto hupata chanjo na wajawazito huhudhuria kliniki. Hospitali huanzia ngazi ya 4. Katika kaunti hii wakazi wa Delta ya Tana huhudumiwa na Hospitali ya Ngao, wa upande wa kaskazini wana hospitali ya Bura, na Hospitali ya Rufaa ya Kaunti iko Hola. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Coast General iliyoko Mombasa ni ngazi ya 5.

Katika hospitali ya umma mgonjwa hachagui daktari. Huonwa na aliye zamu. Hata hivyo, madaktari bingwa, kama wa upasuaji, wa watoto au wa akina mama, huwa na siku zao maalumu za kliniki. Kwa hiyo mkazi apige simu hospitalini, au amwombe mhudumu wa afya wa kijiji chake amsaidie kuuliza mambo matatu: kliniki hiyo iko siku gani, bingwa atakuwepo, na je, barua ya rufaa inahitajika? Msimu wa mafuriko, kama ilivyokuwa mwishoni mwa 2023 na katikati ya 2024, aulize pia kama barabara inapitika.

2. Kujua ni nani anayemtibu

Watu wengi humwita daktari kila aliyevaa koti jeupe. Ukweli ni kwamba wahudumu hawa wana mafunzo tofauti, na kila kundi lina chombo chake cha kulisimamia.

Daktari amesomea shahada ya udaktari kwa miaka sita na kufanya kazi ya mafunzo hospitalini kwa mwaka mmoja. Bingwa huongeza miaka mingine ya masomo juu ya hapo. Wote husajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, linalojulikana kwa kifupi kama KMPDC. Tabibu, ambaye wengi humwita afisa wa kliniki, husajiliwa na Baraza la Matabibu. Muuguzi husajiliwa na Baraza la Wauguzi, na mfamasia na Bodi ya Dawa na Sumu.

Kutibiwa na tabibu au muuguzi si kudharauliwa. Wao ndio nguzo ya huduma katika vijiji vingi, nao wana idhini ya kutibu maradhi mengi. Jambo la muhimu ni kila mmoja afanye kazi aliyosomea. Mgonjwa anayeambiwa kwamba atafanyiwa upasuaji ana haki ya kuuliza ni nani atakayeufanya na ana cheo gani. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake na matibabu yake kwa lugha anayoielewa. Asiyeelewa Kiswahili vizuri na aombe mtu wa kumfasiria kwa Kipokomo, Kiorma au lugha nyingine anayoizungumza.

3. Kuhakiki usajili na leseni

Hapa kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Usajili hufanywa mara moja, daktari anapomaliza mafunzo. Leseni ya kutibu hutolewa upya kila mwaka. Mtu anaweza kuwa daktari wa kweli aliyesajiliwa, lakini leseni yake ya mwaka huu ikawa haijatolewa au imesimamishwa. Kwa hiyo yote mawili yakaguliwe.

Orodha ya madaktari wenye leseni iko wazi kwa umma katika tovuti ya KMPDC, na kuitazama hakuna malipo. Mkazi anahitaji majina kamili ya daktari, au nambari yake ya usajili ikiwa anayo. Asiye na simu ya intaneti anaweza kumwomba kijana wa nyumbani au mhudumu wa afya ya jamii. Akilipata jina, atazame kama linalingana na la daktari aliye mbele yake, kama ni daktari wa kawaida au bingwa wa fani husika, na kama leseni ni ya mwaka huu.

Kliniki yenyewe pia huwa na leseni yake. Inapaswa kubandikwa ukutani, mahali wagonjwa wanapoweza kuisoma. Kliniki isiyo na leseni, isiyotoa risiti, au inayokataa kutaja jina la mhudumu, iepukwe. Hali ni hiyo hiyo kwa mtu anayepita sokoni au kambini na mkoba wa sindano na dawa.

4. Kuhakiki bima

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya NHIF. Kujiandikisha hufanywa kwa kubonyeza *147# kwenye simu, au kwa msaada katika Huduma Centre ya Hola. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara huulizwa maswali kuhusu hali ya kaya yake, kisha hukadiriwa mchango ambao haupungui Sh300 kwa mwezi, nao hulipwa wa mwaka mzima.

Kujiandikisha peke yake humwezesha mkazi kupata huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vilivyo na mkataba. Kulazwa au kufanyiwa upasuaji hospitalini huhitaji mchango uwe umelipwa. Mke, mume na watoto nao waongezwe kwenye akaunti mapema. Mtoto asiyeandikwa huleta usumbufu usiku wa kulazwa.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: SHA huingia mkataba na kituo, si na daktari. Daktari yule yule anayemtibu mgonjwa kwa SHA katika hospitali ya umma anaweza kuwa na kliniki yake binafsi isiyo na mkataba, na huko mgonjwa atalipa mfukoni. Kwa hiyo swali lisiwe tu "Daktari fulani anapokea SHA?" bali "Kituo hiki kina mkataba wa SHA kwa huduma hii, na mimi nitaongeza kiasi gani?" Wenye bima ya kampuni au ya mwajiri nao waulize kama hospitali na daktari wote wamo katika orodha ya bima hiyo, na kama kibali kinahitajika kabla ya matibabu.

5. Wakati wa dharura

Hatua hizi ni za safari iliyopangwa. Mama anayevuja damu, mtu aliyeumwa na nyoka au aliyepata ajali apelekwe kwenye kituo kilicho karibu mara moja. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Maswali ya bima na malipo yatafuata baadaye.

6. Penye shaka

Malalamiko ya kwanza yapelekwe kwa msimamizi wa hospitali. Lalamiko kuhusu daktari hupelekwa KMPDC kwa maandishi, na mtu anayetibu bila leseni aripotiwe kwa polisi. Mlalamishi ahifadhi risiti, kadi ya kliniki, majina na tarehe, kwa kuwa ndiyo ushahidi wake.