Chokaa Nyumbani: Maji Kwanza, Safari Baadaye

Chokaa ikiingia jichoni, osha kwa maji hapo hapo ulipo. Usitafute bodaboda kwanza. Maji kwanza, safari baadaye. Naanza na hili kwa sababu ndilo linalopofusha watu, na nimechoka kupokea watoto walioletwa mbio na macho makavu.

Chokaa tunazokutana nazo

Isiyozimwa ni mawe au matumbawe yaliyotoka tanuuni. Ikipata maji huchemka yenyewe. Hii ndiyo mbaya kuliko zote.

Iliyozimwa ni ule unga wa mifukoni, na uji mweupe wa kupaka ukutani. Haichemki tena, lakini bado inaunguza. Chokaa ya tambuu ni ya kundi hili, hata kama bibi anaitia mdomoni kila siku.

Ya shambani ni jiwe lililosagwa bila kuchomwa, la kupunguza tindikali ya udongo. Haiunguzi, ila vumbi lake linakereketa.

Chaki ya shuleni wengi tunaiita chokaa pia. Ndiyo maana mtoto haogopi.

Kuzima chokaa

Chokaa ndiyo inayotiwa kwenye maji. Usimwage maji juu ya chokaa, itakurukia usoni. Jaza maji shimoni au kwenye pipa la chuma, kwani ndoo ya plastiki itayeyuka, kisha tia mawe machache machache kwa koleo lenye mpini mrefu. Usifunike pipa. Simama upande upepo unakotoka. Vaa miwani ya kuziba macho, glavu za mpira na gambuti, suruali ikae nje ya gambuti. Watoto wasikaribie kabisa, na shimo lizungushiwe uzio mpaka siku ya mwisho ya kazi.

Kabla hujatia jiwe la kwanza, weka ndoo mbili za maji safi pembeni. Hizo ni za macho. Fundi akizichotea kazi, zijaze tena.

Ghalani

Iweke pakavu, kwani isiyozimwa ikinyeshewa inaweza kuwasha majani na mbao.

Chooni

Ukitia chokaa chooni, tumia iliyozimwa, kwa kopo, kamwe si kwa mkono.

Jikoni

Usihifadhi chokaa kwenye kopo la unga wala la maziwa, isije ikadhaniwa chakula.

Ikiingia jichoni

Maji kwanza. Mlaze, kichwa kiinamie upande wa jicho lililoumia. Mmoja afumbue kope kwa vidole, mwingine amimine maji taratibu bila kukatiza, nusu saa au zaidi. Atalia, endelea. Usitie maziwa ya mama. Usitie mafuta, asali wala ndimu. Usimwache asugue. Kisha ndiyo safari, na dumu la maji mkononi, mkiendelea kuosha njiani. Hata akisema amepona, aende.

Kwenye ngozi

Pangusa unga mkavu, vua nguo, halafu osha kwa maji mengi.

Ikimezwa

Asukutue mdomo. Usimtapishe. Hospitali mara moja.

Mkifika, mweleze mhudumu ni chokaa gani, na mmeosha kwa muda gani.